Mwili Uliosingiziwa

Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856 na kukaa miezi kadhaa akisubiri safari ya bara, aliandika mengi juu ya maradhi ya kisiwa katika kitabu chake cha Zanzibar kilichotoka mwaka 1872. Miongoni mwa maradhi hayo aliyataja mabusha, akasema yanawapata watu wa kila tabaka. Sababu alizosimuliwa, hasa na Waarabu, zilikuwa tatu: hali ya hewa inayolegeza mwili, kuumia, na kuendekeza mno tamaa ya kujamiiana. Mbili za kwanza zimesahaulika. Ya tatu ina watoto na wajukuu, na ukoo wake uko nasi mpaka leo. Ninachokusudia kuonyesha hapa ni kwamba kwa zaidi ya karne moja na nusu, Unguja na Afrika Mashariki kwa jumla, alama yoyote iliyotokea sehemu za siri ilisomwa kwanza kama habari ya mwenendo wa mtu, kisha ndipo ikaangaliwa kama habari ya ngozi, mbu, mnyoo au bakteria. Hukumu ilitangulia uchunguzi. Kwa sababu hiyo wasio na hatia walitiwa aibu, na wagonjwa wa kweli wakajificha, na hasara zote mbili zilitoka katika kosa moja.

Tuanze na busha lenyewe, kwa kuwa kesi yake imekwisha kuamuliwa. Mwaka 1877 daktari Patrick Manson, akiwa bandari ya Amoy nchini China, alionyesha kwamba vijinyoo vya matende, ambavyo ndivyo vinavyoleta busha pia, vinaingia ndani ya mbu anayemnyonya mgonjwa na kukua humo. Katika miji na vijiji vya Unguja mbu huyo ni yule wa kawaida anayezaa kwenye maji machafu, na hapana maji anayoyapenda kuliko yale ya choo cha shimo. Anauma usiku. Minyoo mikubwa hukaa katika mishipa ya limfu, mara nyingi ile ya korodani, na baada ya miaka mfuko hujaa maji. Mwanamume aliyevimba hivyo alikuwa amelala nyumbani kwake, pengine na mkewe wa halali, jirani na choo chenye maji. Ushahidi mzuri ulitoka Makunduchi, kusini kabisa ya kisiwa, mwishoni mwa miaka ya 1980. Watafiti na watumishi wa afya walimwaga juu ya maji ya vyoo vya mji ule tabaka la vidonge vidogo vyeupe vya plastiki nyepesi, vile vinavyotumika kufungia vyombo visivunjike. Vidonge hivyo huelea na kufunika maji yote. Mbu hapati pa kutagia mayai, na viluwiluwi vyake havipati pa kuvutia pumzi. Wakati huo huo watu walipewa dawa ya kuua vijinyoo. Kabla ya kazi hiyo karibu nusu ya waliopimwa, asilimia 49, walikuwa na vijinyoo katika damu. Baada ya kiasi cha mwaka mmoja walibaki asilimia 10, na mbu wenyewe walikuwa wameporomoka kwa asilimia 98 hivi. Mwaka 2001 ugawaji wa dawa ulianza kwa visiwa vyote viwili vikuu vya Zanzibar. Maradhi yaliyosemwa kuwa ya zinaa yalipunguzwa kwa kuziba vyoo na kumeza dawa, na hakuna aliyeambiwa abadilishe kitanda.

Kesi ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu waliokosea walikuwa madaktari. Buba ni maradhi ya ngozi ya watoto, ya nchi zenye joto na unyevu, yanayoambukizwa kwa kugusana kidonda kwa ngozi katika michezo na malezi. Bakteria wake ni ndugu wa damu wa bakteria wa kaswende, kiasi kwamba wakitazamwa kwa hadubini hawatofautishiki. Wa kaswende alionekana Berlin mwaka 1905, na mwaka huo huo Aldo Castellani, akiwa Sri Lanka, akamwona wa buba. Kipimo cha damu cha Wassermann kilichofuata mwaka 1906 kilitoa jibu moja kwa wote wawili, na hata vipimo vya kawaida vya leo vinavyotafuta kingamwili vinafanya hivyo hivyo. Hapo ndipo lilipo tatizo. Mtu mzima aliyeugua buba akiwa na miaka saba huko shamba angeweza, miaka thelathini baadaye, kupimwa hospitalini na kuambiwa damu yake ina dalili ya kaswende. Kovu la utotoni liligeuzwa ushahidi wa zinaa. Buba ilienea pwani, visiwani na bara yote, na kila ilipokuwepo mchanganyiko huu ulikuwepo pia.

Mfano uliojulikana zaidi ulitokea Uganda. Kanali F. J. Lambkin wa kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza alipelekwa Buganda mwaka 1907, na mwaka uliofuata akachapisha ripoti iliyowatisha wakubwa wa London: alidai kwamba sehemu kubwa ya Waganda, hata wanane katika kumi, wana kaswende, na kwamba taifa zima liko hatarini kutoweka. Sababu alizotoa hazikuwa za kitabibu. Alisema Ukristo ulivunja ulinzi wa ndoa za wake wengi, adhabu kali za zamani zikafutwa, na wanawake wakaachiwa uhuru wa kutembea. Hospitali ya Mulago yenyewe ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu maradhi ya zinaa. Karibu nusu karne baada ya ripoti ile, mwaka 1956, J. N. P. Davies, daktari aliyefanya kazi Kampala, alizipitia upya kumbukumbu za wakati huo na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichoitwa tauni ya kaswende ni lazima kilikuwa maradhi ya jamii ya buba, yanayopatwa utotoni bila kujamiiana. Wanahistoria waliomfuata wamekwenda mbali zaidi na kuuliza kwa nini kosa lile lilipokewa kwa urahisi namna hiyo. Jibu lao linashawishi: lilikubalika kwa sababu lilisema kile ambacho wakoloni, wamisionari na machifu kila mmoja kwa haja yake alikuwa tayari kukisadiki juu ya wanawake na vijana. Uamuzi ulikuwepo tayari, kidonda kikaitwa kuja kuutolea ushahidi.

Mtu anaweza kusema kwamba dawa ilikuwa moja, basi jina lilikuwa na ubaya gani? Ni kweli kwamba sindano zilizotibu kaswende zilitibu na buba, na kwamba sindano moja ya penisilini ya muda mrefu ilipotumiwa katika kampeni za Shirika la Afya Duniani na UNICEF kati ya 1952 na 1964, watu wapatao milioni 50 walitibiwa na buba ikapungua duniani kwa asilimia kama 95. Lakini jina lilikuwa na kazi kubwa. Liliamua nani achunguzwe: ukisema buba, unawatafuta watoto wa kijiji, ukisema kaswende, unawatafuta wanawake wasio na waume. Liliamua pia nani atakuja kwa hiari. Mama humleta mtoto mwenye buba mchana kweupe, mbele ya majirani. Hakuna anayemleta mtu hadharani kwa kaswende.

Kesi ya tatu ipo hapa Unguja, na ramani yake inapita Jozani. Msitu wa Jozani, ambao pamoja na ghuba ya Chwaka umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, uko shingoni mwa kisiwa, mahali ambapo bahari inakaribia kukigawa pande mbili. Kaskazini na magharibi yake kuna udongo wa kina, vijito, mabwawa na mabonde ya mpunga. Ukiupita kwenda kusini na mashariki unaingia nchi ya maweni, ambako maji hukaa mapangoni na visimani. Kichocho cha mkojo kinahitaji konokono wa aina maalumu, na konokono huyo anaishi katika vijito na mabwawa ya upande wa kwanza. Wa upande wa pili ni jamii nyingine isiyobeba vimelea hivyo hapa kisiwani. Kwa hiyo mtoto aliyekulia kandokando ya kijito cha kaskazini alikuwa katika hatari ya kukojoa damu, na mwenzake wa Makunduchi au Jambiani aliepukana nayo asipotoka kwao. Wote wawili walifunzwa dini moja na adabu moja. Kilichowatenganisha ni konokono.

Wanaokumbuka kichocho humkumbuka mvulana na mkojo mwekundu. Msichana amesahauliwa, na yeye ndiye anayebeba sehemu ngumu ya habari hii. Mayai ya kichocho hayakai kwenye kibofu peke yake. Huganda pia katika kuta za uke na mlango wa kizazi, yakaleta vidonda, uvimbe unaofanana na sugu za zinaa, uchafu unaotoka, na damu baada ya tendo la ndoa. Daktari akitazama kwa chombo maalumu huona mabaka ya manjano kama punje za mchanga zilizozama chini ya ngozi. Jambo hili si ugunduzi wa jana: daktari Madden aliyekuwa Misri alilieleza mwaka 1899. Hata hivyo, limekosekana katika mafunzo ya wauguzi na madaktari wengi mpaka miaka ya karibuni, ingawa makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema wanawake milioni 56, karibu wote wa Afrika, wanaishi nalo. Mwanamke wa aina hii akifika kituo cha afya hupewa dawa za maradhi ya zinaa. Hazimsaidii, kwa kuwa mnyoo hauuawi na dawa ya bakteria. Anarudi mara ya pili akiwa na dalili zile zile, na sasa anaonekana mtu asiyeacha tabia yake. Au mumewe anaulizwa alikokuwa. Au yeye anaulizwa. Vidonge vya prazikwanteli, ambavyo hugawiwa watoto skulini, vingeweza kumponya mapema kama angekuwepo mtu wa kumuuliza swali dogo: ulikulia wapi, na mlikuwa mkifua na kuogea wapi?

Hizo tatu ni kesi za maradhi. Ya nne haina maradhi kabisa, na ndiyo inayowasumbua vijana wengi kimyakimya. Kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume wanaume wengi wana safu moja au mbili za vinundu vidogo laini, vya rangi ya ngozi au vyeupe, vilivyopangika sawasawa kama ushanga. Tafiti mbalimbali zimevikuta kwa mwanamume mmoja katika saba mpaka karibu nusu ya waliochunguzwa. Haviambukizi, haviwashi, havitokani na uchafu. Wanawake wana vijinundu vinavyofanana navyo ndani ya midomo ya uke, navyo pia ni maumbile. Halafu kuna vidoa vya manjano hafifu, ambavyo ni tezi za mafuta zisizo na unywele, na vidoa vyekundu vilivyoiva au vyeusi kwenye mfuko wa korodani, ambavyo ni vishipa vidogo vya damu vilivyotanuka. Aina hizi mbili zinahusishwa na jina la daktari John Addison Fordyce wa Marekani, aliyeandika juu yake mwaka 1896. Ongeza vipele vya wembe, ambavyo katika jamii ya Kiislamu inayonyoa kwa desturi ni jambo la kila wiki: unywele uliokatwa unajikunja na kurudi ndani ya ngozi, pakavimba, pakatunga usaha kidogo. Sayansi yenyewe haikuvielewa vitu hivi mara moja. Vile vinundu vya wanaume viliaminika kwa miaka mingi kuwa tezi na vikapewa jina la Edward Tyson, mwanaanatomia wa Kiingereza wa karne ya 17, mpaka uchunguzi wa karibu wa nyama zake ulipoonyesha kwamba si tezi. Ikiwa wanaanatomia walikosea wakiwa na kisu na hadubini, kijana mwenye tochi ya simu chooni ana haki ya kuchanganyikiwa.

Kwa nini basi jicho liliendelea kuaminiwa hata baada ya kukosea mara nyingi namna hii? Sehemu ya jibu iko katika imani ya kale kwamba mwili ni askari wa ndoa. Pwani yote watu wamezungumzia tego: mume anamtegea mke dawa ya mganga, na mwanamume wa nje akimkaribia hunaswa, akaumwa sehemu zile zile alizokosea nazo. Katika mpangilio huo kidonda ni hati ya hukumu, na kuuliza kama kinaweza kuwa kitu kingine ni kuonekana unamtetea mzinzi. Sehemu ya pili ni ya karibuni zaidi. Zamani walikuwepo watu ambao kazi yao iliwakutanisha na miili mingi: ngariba wa jando, mkunga, kungwi na somo wa unyago. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini Unguja alijulikana pia kwa ngoma ya unyago, ambamo mwari alifunzwa habari za mwili kwa maneno yasiyofichwa. Sidai kwamba makungwi walikuwa matabibu; mafunzo yao yalikuwa na makosa yake, na mengine yalimfunza mwanamke kuvumilia yasiyostahili kuvumiliwa. Walichokuwa nacho ni kipimo cha wingi. Ya kawaida haijulikani mpaka uone mengi, na aliyeuona mwili mmoja tu, wake mwenyewe, hana cha kuulinganisha nao ila picha za kutisha za maradhi yaliyopea. Tohara imehamia hospitali, unyago umepungua, na nafasi ile ya kuuliza haikujazwa. Badala yake kuna duka la dawa, ambapo mtu asiye na ugonjwa hununua vidonge vya viuavijasumu kwa kunong'ona, anavimeza siku tatu, na vinundu vyake vinabaki pale pale.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la haki: maradhi ya zinaa yapo, yanaua, na mtu akiambiwa kwamba vipele vingi havina neno atapuuza kile chenye neno. Nalikubali nusu. UKIMWI ulipothibitishwa Zanzibar mwaka 1986 haukuwa uzushi, ingawa hata hapo jicho liliwatia wasiwasi waliopata mkanda wa jeshi na waliokonda kwa kisukari. Lakini pingamizi hili linadhani kwamba jicho hukosea upande mmoja tu. Hukosea pande zote mbili. Kidonda cha kwanza cha kaswende aghalabu hakiumi, na hujifunga chenyewe baada ya wiki chache. Mgonjwa hushukuru, nayo maradhi yamezama ndani. Klamidia kwa wanawake wengi haitoi dalili hata moja. Virusi vya UKIMWI hukaa miaka mtu akiwa na ngozi nyororo. Anayejihukumu kwa kioo atalia kwa vinundu vya maumbile na atatulia akiwa na kaswende. Kwa hiyo kumwambia ukweli juu ya vinundu si kumpa ruhusa ya kupuuza. Ni kumwondolea imani katika kipimo kibovu ili ashike kilicho kizuri. Kipya kinachouma, kinachochubuka, kinachokua au kutoa uchafu, na kila tendo lisilo na kinga na mtu usiyejua hali yake, vinadai kupimwa, ngozi iwe na alama au isiwe nayo.

Pingamizi la pili linatoka katika utafiti mkubwa wa Tanzania yenyewe. Kati ya 1991 na 1994 mkoani Mwanza, jamii sita zilipewa huduma iliyoboreshwa ya maradhi ya zinaa katika vituo vya kawaida na sita zikalinganishwa nazo. Wahudumu walitibu kwa kufuata dalili, bila maabara: kidonda dawa hii, usaha dawa ile. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40, na matokeo hayo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalisomwa dunia nzima. Je, hapo jicho halikushinda? Lilishinda, na ni vizuri kueleza kwa nini. Muuguzi wa Mwanza alifundishwa dalili, alipewa dawa inayofaa, na hakutakiwa kuamua tabia ya mgonjwa kabla ya kumtibu. Aliitumia alama kama mwanzo wa msaada. Zaidi ya hayo, njia ile ilikuwa na nguvu zaidi kwa vidonda na kwa usaha wa wanaume. Kwa uchafu wa ukeni imejulikana baadaye kuwa dhaifu, kwa kuwa sababu nyingi za uchafu huo si za zinaa. Pale ilipokuwa dhaifu ndipo mwanamke mwenye kichocho alipopotelea.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini lakini ndilo lenye nguvu kuliko yote visiwani: aibu hulinda maadili, na ukiiondoa hofu ya alama utafungua mlango. Hapa historia na dini zinajibu kwa pamoja. Historia inasema aibu haikuwazuia watu kuambukizwa, iliwazuia kutibiwa. Na sheria ya Kiislamu, ambayo kila mtoto wa madrasa Unguja ameisikia, haikuliacha jambo la zinaa mikononi mwa dhana. Sura ya An-Nur inataka mashahidi wanne, na anayemtuhumu mwanamke mwenye heshima asiwalete anastahili viboko themanini, na ushahidi wake haupokelewi tena. Ni vigumu kuona namna gani jamii iliyofunzwa kiwango hicho cha ushahidi ilikubali kipele kimoja kisimame badala ya watu wanne. Kinachoitwa ulinzi wa maadili, katika visa hivi vyote, kilikuwa ni kumsingizia mtu kwa kutumia ngozi yake.

Ukizipanga kesi hizi pamoja, jambo moja linajirudia: kila mara ufumbuzi ulipatikana pale swali lilipobadilika. Busha lilianza kushindwa watu walipoacha kuuliza mtu amelala na nani wakauliza mbu wanazaa wapi. Buba ilishindwa walipotafutwa watoto. Kichocho cha wanawake kitashindwa kitakapoulizwa kijito. Na vinundu visivyo na madhara havihitaji ushindi wowote, vinahitaji mtu mwenye ujuzi avitazame dakika mbili na kusema vilivyo. Hilo linadai mambo machache yanayowezekana: masomo ya skuli yataje maumbile ya kawaida kabla ya kuonyesha maradhi, mkunga na daktari wa kituo cha shamba afunzwe kichocho cha ukeni sawa na anavyofunzwa kisonono, chumba cha uchunguzi kiwe na mlango unaofungika, na kipimo cha damu kitolewe pasipo hotuba. Mgonjwa akishajua kwamba ataulizwa maswali ya tiba tu, hatakuwa na sababu ya kungoja mpaka maradhi yapee.